Mshahara wa Mtu Asiye na Mtoto

Mwezi uliopita niliketi nyuma ya ukumbi mmoja hapa Mbeya nikisikiliza mada iliyotolewa kwa watumishi wa ajira mpya. Mtoa mada, kijana nadhifu mwenye maneno ya mpangilio, aliwaeleza wanaotarajia mtoto wa kwanza kwamba wagawe mshahara mafungu matatu, wajiwekee akiba ya miezi sita na waepuke mikopo ya kausha damu. Hakuna aliloliongopa. Ndipo dada mmoja, mimba yake ikiwa imekwisha kuonekana, alipoinuka na kuuliza: “Mwalimu, mshahara hautoshi hata sasa tukiwa wawili. Hiyo akiba ya mtoto niitoe kwenye fungu lipi?” Ukumbi ukacheka, mtoa mada naye akacheka, tukaenda kunywa chai.

Nimelibeba swali lile tangu siku hiyo. Naamini jibu lake liko katika historia zaidi kuliko katika hesabu, na historia yenyewe ni ya huku kwetu, kutoka Iringa hadi Rungwe.

Tuanze na kodi, kwa sababu ndiyo iliyowatoa baba zetu nyumbani. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898. Waingereza walipoitwaa nchi waliiendeleza, wakaongeza kodi ya kichwa kwa mwanamume mzima asiyekuwa na kibanda cha kutozwa. Kodi hiyo ilihesabu vibanda na vichwa vya wanaume. Haikuuliza katika kibanda kile amezaliwa nani mwaka ule, wala mama ana maziwa au hana. Nyumba iliyopata mtoto na nyumba isiyopata zilidaiwa fedha ileile, na fedha hiyo haikupatikana kwa kuuza ulezi kwa jirani ambaye naye anatafuta ya kwake. Ilipatikana kwa kwenda mbali.

Wanyakyusa walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ambayo katika miaka ya 1930 ilivuta vibarua kwa maelfu. Wengine walivuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, na wengine wakachukuliwa na WENELA hadi migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wabena na majirani zao walishuka kwenye mkonge wa Morogoro na Tanga. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda SILABU, chombo cha kuwakusanya watu na kuwasafirisha. Hao ndio tuliowaita manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake.

Sasa tuutazame ujira wenyewe. Kibarua alipewa kipande chenye nafasi ya siku 30 za kazi. Zikijaa, ndipo alipwe. Alipewa posho ya unga na maharage, na mahali pa kulala. Kiasi hicho kilimtosha mwanamume mmoja aishi na abaki na kodi, pengine na blanketi. Waajiri hawakuficha hesabu hii. Walisema mwafrika ana shamba kwao, mkewe analima, watoto wanakula huko; kwa nini walipe zaidi? Baadaye baadhi ya mashamba yaliwaruhusu vibarua kuja na wake zao, lakini hesabu ya msingi haikubadilika. Gharama ya kumkuza kibarua wa kesho ilibebwa na jembe la mama yake, bure.

Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Alitoka Njombe, ambayo wakati huo na hata hadi mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa Iringa. Bibi alinisimulia kwamba mtoto wao wa kwanza alizaliwa babu akiwa Tanga, na babu aliporudi mtoto alimkimbia akidhani ni mgeni. Nilipomuuliza Bibi aliishije mwaka ule, alinishangaa. “Mwanangu, niliishi kwa mama mkwe. Yeye ndiye aliyekuwa mshahara wangu.”

Neno hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi nilizosoma. Familia zetu zilikuwa na bajeti ya uzazi, ingawa haikuandikwa. Mzazi hakushika jembe kwa muda. Wakwe na mashemeji walilima sehemu yake. Ulezi wa uji uliwekwa kando. Wazee walimwonya mume asimbemende mtoto, yaani asirudi kitandani mapema hadi mimba nyingine ikaingia kabla wa kwanza hajaacha ziwa. Tunaweza kubishana na maelezo yao ya kitabibu, lakini kiuchumi walijua walichokisema: nyumba moja haimudu vinywa viwili visivyotafuna kwa wakati mmoja.

Nisiipambe sana desturi hiyo. Ilikuwa na mabwana wake. Marjorie Mbilinyi, katika utafiti wake juu ya wake waliokimbia ndoa wilayani Rungwe kati ya 1919 na 1961, ameonyesha jinsi utawala wa kikoloni na wazee wa ukoo walivyoshirikiana kuwabana wanawake wabaki mashambani, wakati fedha za migodini na ng’ombe wa mahari vikipita mikononi mwa wanaume. Mama mkwe aliyemlisha Bibi yangu alikuwa pia sehemu ya mfumo uliomzuia Bibi kwenda kokote. Kwa waliokwenda na WENELA, sehemu ya mshahara ilizuiliwa hadi mtu arejee kwao. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja au zaidi. Kwa hiyo mtoto angeweza kujifunza kutembea kabla ya senti hiyo kufika.

Baada ya Uhuru, serikali iliufunga mlango wa kwenda Afrika Kusini. Mwaka 1975 sheria ya ajira ilirekebishwa, likizo ya uzazi yenye malipo ikawa haki ya kila mwanamke mwajiriwa, awe ameolewa au hajaolewa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na wanafunzi wangu huduwaa nikiwaambia kwamba lilizua ubishi. Kwa mara ya kwanza mtoto aliingia kwenye hesabu ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na kisha hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha. Baba amepewa angalau siku tatu, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu! Manamba wa leo anafanya kazi mtaa wa pili, na bado mtoto anamwona usiku tu.

Lakini sheria hiyo inamfikia nani? Inamfikia yule dada wa ukumbini. Haimfikii mama anayeuza nyanya Mwanjelwa, wala anayepukuchua mahindi kwa siku kule Mafinga. Hata mchumaji wa chai wa Mufindi anayelipwa kwa kilo, na ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake, kwa kawaida hana likizo ya malipo. Sera ya kuchangia matibabu iliyoanza mwaka 1993 iliwasamehe wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Hata hivyo, mke wangu alipokaribia kujifungua tulipewa orodha: glavu, pamba, mpira wa kutandika, beseni, khanga. Nilizunguka maduka usiku nikiwa na mshahara wa serikali mfukoni. Nilimkuta mlangoni mwanamume mmoja aliyefika na khanga tu.

Mahali palipoachwa wazi na mwajiri na serikali ndipo kikoba kilipoingia. Wanawake wa mitaa yetu wananunua hisa kila wiki, na pembeni wanachanga mfuko wa jamii, ambao mwenzao akijifungua au akifiwa humtoa kidogo. Ni mama mkwe wa Bibi yangu aliyegeuzwa kuwa sanduku lenye kufuli tatu. Naheshimu sana sanduku hilo. Ila wanaochanga ni walewale wasio na kitu, wanapokezana upungufu, na likishindwa kutosha ndipo mwenye kausha damu anapobisha hodi.

Nilimpata yule dada siku ya mwisho ya semina, nikamweleza kwa kifupi haya niliyoyaandika. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia mama yake anakuja kutoka Kilolo mwezi ujao na gunia la mahindi na debe la ulezi, atakaa miezi minne, na shamba lake huko ameliacha kwa mdogo wake.

“Nauli ya mama,” akasema, “ndiyo niliyoiweka kwenye lile fungu la akiba.”