Kompyuta chumbani, televisheni sebuleni: Umbali huamua njia

KUUNGANISHA kompyuta na televisheni zilizo katika chumba kimoja ni kazi ya dakika chache. Kompyuta inapokuwa chumba kingine, umbali ndio huamua njia ya kutumia na gharama yake.

Waya wa VGA, uliobuniwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, hupeleka picha pekee. Sauti huhitaji waya wa pili. HDMI, ambayo viwango vyake vilitangazwa mwaka 2002, hubeba vyote kwa pamoja. Hata hivyo, waya wa kawaida wa HDMI haufai kuvutwa nyumba nzima. Ukizidi mita 10 hivi, mawimbi hudhoofika, nukta nyeupe humetameta katika picha, kisha kioo huwa cheusi. Picha za 4K huharibika hata katika urefu mdogo zaidi. Ni hasara chungu kwa mtu aliyekwisha kuupitisha waya huo darini na kumlipa fundi.

Hapo ndipo waya wa mtandao, wa aina ya Cat 5e au Cat 6, unapoonyesha thamani yake, kwani hufika mita 100. Waweza kufunga kifaa kidogo kila upande, ili mawimbi ya HDMI yapite ndani yake. Lakini kwa anayetaka kutazama filamu tu, ipo njia nafuu zaidi: kompyuta hugawa faili katika mtandao wa nyumbani, nayo televisheni huzisoma yenyewe. Utaratibu huo huitwa DLNA, jina la umoja wa kampuni ulioanzishwa mwaka 2003, Sony na Intel zikiwamo. Umoja huo ulivunjwa mwaka 2017, ila televisheni nyingi bado zinautumia utaratibu wake.

Wasiotaka waya hutegemea Wi-Fi. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi kubwa, lakini ukuta wa zege huyapunguza nguvu kuliko yale ya gigahezi 2.4, ambayo nayo husongamana na ya majirani. Miracast, iliyotoka mwaka 2012, huunganisha vifaa moja kwa moja bila ruta, hivyo hufaa zaidi vilivyo karibu.

Kabla ya kugawa faili, tenga folda ya filamu peke yake. Ukiigawa diski nzima bila kuweka nywila, kila mgeni uliyempa nywila ya Wi-Fi aweza kufungua hata nyaraka za benki.