Tathmini ya mbio katika futiboli ya vyuo vya Marekani

Tathmini ya mbio katika futiboli ya vyuo vya Marekani ni kupima kama timu ilifanya vema kukimbia na mpira badala ya kuurusha. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10 (takriban mita 9).

Kipimo kilichozoeleka ni wastani wa yadi, lakini hupotosha. Mbio moja ya yadi 60 na tisa zisizosogea hata kidogo hutoa wastani wa yadi 6, unaopendeza bure. Tena, katika hesabu za NCAA, kotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) akiangushwa kabla ya kurusha, yadi zilizopotea hukatwa kwenye mbio; ligi ya kulipwa, NFL, huzikata kwenye urushaji. Hivyo timu ya chuo yenye wakimbiaji hodari huweza kuonekana dhaifu.

Kwa hiyo wachambuzi wengi huangalia haja ya wakati ule. Kwa kawaida mbio huhesabiwa kufaulu ikipata nusu ya yadi zinazohitajika katika jaribio la kwanza, asilimia 70 katika la pili, na zote katika la tatu au la nne. Yadi 3 katika jaribio la tatu zinatosha zikihitajika 2. Zikihitajika 8, ni kazi bure.