Mlango wa Gunia

Mwaka jana nilikwenda Arusha kukaa kwa binti yangu, ambaye alikuwa na mimba ya miezi minne. Katika nyumba ile wanaishi paka mmoja na mbwa mmoja, na paka amewekewa beseni la mchanga chini ya ngazi ili ajisaidie humo usiku. Sisi tuliokulia Mbulu hatukujua kwamba paka anaweza kuwa na choo cha ndani. Paka wetu alikuwa na shamba zima. Asubuhi ya siku ya pili nilimkuta mbwa ameingiza kichwa katika beseni lile, anakula.

Binti yangu akacheka. "Baba, huyo ndiyo zake. Kila siku tunamfukuza, na kila siku anarudi."

Mimi sikucheka. Nilimfokea mbwa yule kwa sauti iliyomtoa mkwe wangu chumbani, kisha nikaketi kwenye ngazi, mikono inatetemeka. Watoto walinitazama kama mzee aliyeanza kupotelewa na akili. Jioni nilijaribu kuwaeleza, lakini mambo yenyewe ni marefu na sikuyaeleza vizuri. Nayaandika hapa.

Mbwa hana kosa. Chakula cha paka karibu chote ni nyama, na kinachomtoka bado kinanukia chakula katika pua ya mbwa. Wanyama wengi hawaoni tofauti kubwa kati ya sahani na shimo. Ni sisi tunaoijua tofauti hiyo, na kwa hiyo ni sisi tunaopaswa kuweka kizuizi. Nyumbani kwetu, upande wa Dongobesh, mnyama aliyetushinda hakuwa mbwa. Alikuwa nguruwe.

Watu wetu, Wairaqw, hawakuwa wajinga wa mambo ya mbolea. Zamani katika nyumba za tembe ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, na samadi yao ilibebwa mpaka shambani, kikapu baada ya kikapu. Huko Kainam ardhi ni finyu na imelimwa vizazi kwa vizazi. Isingeweza kulisha watu bila samadi hiyo. Bibi yangu aliweza kuinusa na kusema kama imeiva au bado. Lakini uchafu wa binadamu haukuwa na kikapu. Mtu alikwenda kichakani, akarudi, mambo yakaisha. Na wakati watu ni wachache na vichaka ni vingi, labda yaliisha kweli.

Nguruwe wa kufugwa hakuwapo katika hesabu hiyo. Alikuja huku pamoja na wageni wa Kizungu, na watu walipogundua kwamba anazaa watoto wengi kwa mkupuo na hahitaji malisho mapana, wakampenda. Tofauti na ng'ombe, hakuwa na mila yoyote ya kumtunza. Ng'ombe alikuwa na nyimbo, jina na mahali pake pa kulala. Nguruwe alikuwa na kamba mguuni wakati wa mvua, ili asile mahindi ya watu. Baada ya mavuno kamba ilifunguliwa, akajitafutia. Nyumbani kwetu kazi ya kuifungua ilikuwa yangu, na niliifurahia, kwa maana tangu siku hiyo sikulazimika kumkatia majani.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Waliokuwa na umri wa kusikia wakati ule wanaikumbuka: redio inawekwa katikati, watu wanakaa kuizunguka, kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, kisha watu wanazungumza na kuamua la kufanya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wazima kama milioni mbili nchi nzima walishiriki. Baba yangu alikuwa mmoja wa viongozi hao. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sijawahi kumwona na fahari kama ile, amekishika kijitabu kwa mikono miwili kama padri. Kampeni ilifundisha habari za malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Juu ya minyoo ya nguruwe sikumbuki kusikia neno.

Vyoo vikachimbwa. Sisemi hivyo kwa kejeli. Ilikuwa kazi kubwa, na nina hakika kuna watu wako hai leo kwa sababu ya mashimo yale. Cha kwetu kilikuwa cha kwanza katika kitongoji. Kilikuwa na shimo refu, magogo juu yake, kuta za miti na udongo, paa la nyasi. Kwenye mlango baba alitundika gunia. Mbao zilikuwa ghali, na mkaguzi aliyepita alihesabu mashimo. Hakuhesabu milango.

Gunia linamzuia mtu asione ndani, lakini nguruwe halimzuii. Anasukuma kwa pua, anaingia. Na watoto wadogo hawakutumia shimo, waliogopa kutumbukia. Walijisaidia pembeni, hapo hapo ndani. Baada ya mavuno nguruwe wetu alijua njia ya choo kuliko mgeni yeyote. Sisi watoto tuliona jambo hilo ni la kuchekesha. Mama aliona lina faida, kwa kuwa choo kilikuwa safi daima.

Sasa nieleze jinsi minyoo ile inavyoishi, kwa maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vile vilengelenge vyeupe kama punje za mchele, hupata tegu tumboni. Tegu huyo anaweza kukaa miaka, na mwenye naye asiugue sana. Mayai yake hutoka na choo. Nguruwe akiyala, yanageuka vilengelenge katika nyama yake, na mzunguko umekamilika. Lakini mayai yale yale yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono isiyonawa au kwa chakula kilichoshikwa na mikono hiyo, hayawi tegu. Yanafanya kwa mtu yale yale yanayofanya kwa nguruwe. Vilengelenge vinaota katika misuli, na vingine kwenye ubongo. Vikiwa kwenye ubongo vinaweza kuleta kifafa. Kwa hiyo anayeanguka kifafa si lazima awe yeye aliyekula nguruwe. Anaweza kuwa aliyekaa meza moja na mlaji.

Shangazi yangu aliolewa kwa Wabarabaig, upande wa Basotu, Hanang. Mwanawe wa kiume aliletwa kwetu mwaka 1974 ili asome. Tulilingana umri, tukalala kitanda kimoja. Kwao walikuwa watu wa ng'ombe na maziwa; nguruwe hakumgusa mpaka mwisho, hata tulipomtania. Mwaka 1978 alianguka mara ya kwanza, mbele ya jiko, na mkono wake wa kushoto ukaungua. Watu waliokuwapo walimwogopa. Waliamini povu la mwenye kifafa linaambukiza, kwa hiyo hakuna aliyemvuta kutoka motoni upesi. Mmoja wa watu hao ni mimi.

Baada ya hapo alitengewa sahani yake na kikombe chake. Ilisemekana ni laana kutoka upande wa baba yake, kisha ikasemekana ni kutoka upande wetu, na shangazi akaacha kuja kututembelea. Alipelekwa kwa waganga wawili. Baadaye alipelekwa hospitali ya Haydom, iliyojengwa na Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway katika miaka ya 1950, akapewa vidonge, vikamsaidia kwa muda wote alioweza kuvipata. Masika ya mwaka 1986 alikutwa amekufa kwenye kijito ambacho maji yake hayakufika magotini.

Nilikuwa mtu mzima sana nilipoanza kusikia yaliyogunduliwa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walitangaza kwamba walikagua ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Wilaya ya Mbulu, wakakuta vilengelenge kwa asilimia 17.4 ya nguruwe hao. Kuna kijiji ambako ilikuwa karibu nusu. Mwaka 2009 ikachapishwa kazi ya madaktari waliofanya utafiti Haydom: wagonjwa wa kifafa 212 walipigwa picha za kichwa, na 38 kati yao walikuwa na alama zinazoelekea kabisa kuwa za minyoo hiyo. Ni karibu mmoja kati ya sita. Baada ya kusoma hayo niliiweka karatasi chini, nikatoka nje kutembea.

Kwa maana kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, niliona mara kadhaa katika choo changu vipande vyeupe bapa, kama tambi zilizokatwa, na vingine vilijongea. Niliona aibu, nikanyamaza. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimpakulia ndugu yangu chakula, kwa sababu alikuwa mgeni na mimi mwenyeji. Kunawa kwetu kulikuwa kumwagiwa maji kidogo vidoleni kabla ya kula. Baada ya kutoka chooni hakuna aliyenawa, wala aliyeambiwa anawe.

Ugonjwa wake ungeweza kuwa na chanzo kingine. Watano kati ya sita wana chanzo kingine. Najiambia hivyo. Lakini sahani alitengewa yeye, wakati labda ni mimi niliyestahili kutengewa.

Watafiti wale wa Sokoine walirudi pia kufundisha, katika vijiji 42, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Watu walijifunza, ulaji wa nyama yenye vilengelenge ukapungua, na nguruwe walioambukizwa wakapungua. Lakini mabanda ya nguruwe na vyoo havikubadilika sana. Sishangai. Kuiacha nyama mbaya hakuhitaji mbao. Banda linahitaji mbao, na nguruwe wa bandani anahitaji kulishwa kila siku, na yule mtoto wa kumkatia majani yuko shuleni. Hata leo, penye kitimoto barabarani, nawaona watu wanahimiza nyama iletwe upesi kabla haijaiva katikati, na wenzangu wananiona mkorofi ninapoirudisha jikoni.

Basi nirudi kwa beseni la paka. Paka anaweza kuwa na kijidudu ambacho ni hatari kwa mimba, na mayai yake hutoka na kinyesi. Yanapotoka bado hayajaweza kuambukiza. Yanahitaji siku moja au zaidi kukomaa. Kwa hiyo beseni likimwagwa kila siku, hatari inapungua sana. Ila mwenye mimba asilimwage yeye, na mbwa aliyetoka kula humo asiachwe kumlamba uso. Haya binti yangu alikwisha kuyasikia kliniki, ila alidhani yanamhusu paka tu.

Nilihamishia beseni katika stoo. Nikaazima msumeno kwa jirani, nikakata tundu chini ya mlango, upana wa inchi sita na kimo cha inchi saba. Paka alilinusa siku nzima kabla ya kukubali kupita. Mbwa aliingiza pua, kisha jicho, kisha akalala mbele ya tundu akilisubiri likue. Mkwe wangu aliuliza kama haingetosha kutundika kitambaa tu.

Nilikaa pale hadi mtoto alipozaliwa. Kila asubuhi kabla ya chai nilimwaga beseni mimi mwenyewe, kisha nikanawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, na binti yangu alizoea kunisubiri na taulo.