Siku Kumi za Julai

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, niliombwa kusaidia katika kongamano la kimataifa la utamaduni na jinsia. Bendera zilipangwa jukwaani, wageni wakapokewa kwa ngoma, na mada ya siku ilikuwa usawa. Sisi wasichana wanne wa kamati tulishonewa sare za kitenge, tukapewa kazi ya kuwaongoza wageni na kugawa chai. Wenzetu wa kiume wa kamati hiyohiyo walikaa mezani kuandika maazimio. Nilimimina chai huku nikisikiliza mhadhara kuhusu mzigo wa kazi za wanawake, wala sikuona ajabu yoyote. Niliiona usiku, nilipokuwa naosha vikombe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya makongamano ya namna hii, na kila mara narudi kwenye moja: Jukwaa la mwaka 1985, lililofanyika kwa siku kumi, kuanzia Julai 10 hadi 19, katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitenga miaka ya 1976 hadi 1985 kuwa Muongo wa Wanawake. Mkutano mkuu wa kwanza ulikuwa Mexico City mwaka 1975, wa pili Copenhagen mwaka 1980, na wa tatu ukaja Nairobi. Wajumbe wa serikali walianza vikao vyao Julai 15 katika jumba la KICC, na Margaret Kenyatta, aliyewahi kuwa meya wa jiji hilo, akachaguliwa kuuongoza mkutano. Wanawake waliokuja kwa niaba ya vyama na vikundi vyao, si serikali, walipewa chuo, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka KICC. Walifika takribani 14,000, na aliyewaandalia Jukwaa hilo alikuwa Dame Nita Barrow wa Barbados. Warsha zilikuwa zaidi ya 1,000. Kumbi zilipojaa, watu walihamia nyasini.

Mambo mengi yanayokumbukwa hadi leo yalitokea hapo nyasini. Betty Friedan, ambaye kitabu chake cha mwaka 1963 kiliwachochea akina mama wengi wa Marekani, aliketi chini ya mti siku baada ya siku, na aliyetaka kubishana naye alikaribishwa kukaa. Katika Hema la Amani, wanawake wa Marekani walikaa na wa Kisovieti, na wa Israel na wa Palestina, wakazungumza ana kwa ana enzi ambayo wakubwa wao walitazamana kwa uadui. Wanawake wa vikundi vya vijijini Kenya nao walikuwapo, na kanga na vitenge vyao.

Ubishi ulikuwa mkali. Wapo walioona kwamba ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, madeni ya nchi maskini na suala la Palestina ni siasa tu, zisiingizwe katika mambo ya wanawake. Wenzao wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini waliuliza: mwanamke ambaye mumewe amefungwa kwa sheria za makaburu, au anayetembea saa nzima kutafuta maji, amwekee nani siasa hizo? Mtandao wa wasomi wa nchi hizo, DAWN, ulileta Nairobi hoja iliyoandikwa na Gita Sen na Caren Grown: haitoshi kumwingiza mwanamke katika maendeleo bila kuyahoji maendeleo yenyewe. Copenhagen serikali zilikuwa zimeshindwa kuafikiana. Nairobi ziliafikiana.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna jina linalonizuia.

Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu katika chuo hichohicho mwaka 1971, mwanamke wa kwanza kufika hapo Afrika Mashariki na Kati. Alifundisha anatomia ya mifugo. Yeye na mwenzake, Vertistine Mbaya, walidai wahadhiri wanawake wapewe marupurupu sawa na wanaume, yakiwemo ya nyumba, kwa sababu mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa ana nyumba ya mumewe. Mwaka 1982 aliacha kazi ili agombee ubunge, akazuiwa kwa madai kwamba hakuwa amejiandikisha upya kama mpiga kura. Alipotaka kurudi kazini aliambiwa nafasi yake imekwisha kujazwa. Nyumba ya chuo nayo ikabidi aihame.

Miaka mitatu baadaye, malango ya chuo yalifunguliwa kwa wanawake wa dunia nzima. Maathai naye alikuwapo, akiwaeleza wageni kuhusu Green Belt Movement, kazi ya kupanda miti aliyoianzisha mwaka 1977. Alirudi kama mgeni mahali alipokuwa mwalimu. Leo chuo kina taasisi yenye jina lake.

Sisemi Jukwaa lilikuwa bure. Mwaka 1988 ulizaliwa mtandao wa FEMNET, wenye makao Nairobi, kutokana na wanawake wa Afrika walioamua kutosubiri mkutano mwingine ili wakutane tena. Ninachosema ni kwamba chuo kinaweza kuwakirimu wanawake 14,000 kwa siku kumi kwa urahisi kuliko kumpa mmoja wao haki yake kwa miaka kumi.

Mwaka uliofuata niliombwa tena kusaidia katika kongamano letu. Nilikubali kwa sharti moja: meza ya maazimio na birika la chai tugawane nusu kwa nusu. Vijana wawili walipika chai, ikazidi sukari. Azimio la kwanza nililoandika halikuitaja dunia. Lilihusu likizo ya uzazi kwa wahadhiri wa mkataba palepale chuoni. Wageni walipoondoka na bendera zikakunjwa, tulilipeleka ofisini wenyewe, tukaomba lipigwe muhuri wa kupokelewa.