Likizo ya Burton, Jasho la Mwinyi Kidogo

Karibu na Wenje, kwenye vipande vya msitu vilivyobaki kando ya mto Tana, wanaishi kima wa aina mbili ambao huwapati kwingine kokote duniani: mangabei wa Tana na mbega mwekundu wa Tana. Wote wawili walipewa majina ya kisayansi mwaka 1879 na mtu mmoja, Wilhelm Peters, mkuu wa makumbusho ya wanyama ya Berlin. Wa kwanza alimwita galeritus, yaani aliyevaa kofia. Wa pili rufomitratus, mwenye kilemba chekundu.

Wapokomo waliolima kandokando ya mto walikuwa wanawajua kima hao tangu zamani. Walijua wanalala wapi, wanakula nini na lini watashuka mashambani kufanya fujo. Lakini sayansi inaanza kuhesabu mwaka 1879, kwa sababu hapo ndipo mtu aliyelipwa mshahara alikaa mezani, akaandika, ikachapishwa.

Kuna swali hapo ambalo vitabu vya historia huliruka: ni nani aliyelipwa ili akae aandike, na ni nani aliyefanya kazi ili huyo apate cha kuandika? Katika pwani yetu, kisa kinachonisaidia zaidi kulijibu ni cha afisa mmoja aliyeomba likizo.

Mwaka 1856 Richard Burton alikuwa kapteni katika jeshi la Bombay, chini ya Kampuni ya East India, iliyokuwa ikitawala sehemu kubwa ya India. Alitaka kuja Afrika Mashariki kutafuta maziwa makuu. Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha London, kilimuunga mkono, na serikali ya Uingereza ikatoa pauni 1,000 za safari. Shida ilikuwa kwamba Burton alikuwa na mwajiri. Kwa hiyo Kampuni ikaombwa ruhusa, na wakurugenzi wake wakakubali: likizo ya miaka miwili, mshahara ukiendelea kama kawaida.

Hebu tulia hapo kidogo. Miaka miwili. Mtu anatembea, anapima, anachora, anauliza watu maswali, na mshahara wake haujakatika. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma. Ilijua kwamba ramani ni mali, na anayejua njia za biashara ana nguvu kuliko asiyejua.

Na hata hiyo habari ya maziwa haikuwa ngeni huku kwetu. Mmisionari Jakob Erhardt alikuwa ameikusanya Tanga, kutoka kwa wafanyabiashara wa misafara waliokuwa wakienda bara na kurudi kila mwaka. Yeye na mwenzake Rebmann wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa ajabu katikati, ramani iliyowasisimua sana wasomi wa London. Wenye njia zao walikuwa hapa. Aliyepewa likizo ya kwenda kuzithibitisha alitoka kwingine.

Burton alifika Unguja Desemba 1856 pamoja na mwenzake John Speke. Mwanzoni mwa 1857 walizunguka Mombasa, Tanga, Pangani mpaka Fuga kule Usambara, halafu Juni wakaanza safari ya bara. Kiongozi wa msafara alikuwa Said bin Salim. Walinzi walikuwa Mabaluchi, askari wa Sultani. Kulikuwa na wapagazi, waliobeba vitambaa vya merikani, shanga na waya, maana hizo ndizo zilikuwa pesa za njiani. Na kulikuwa na kundi lililoitwa “wana wa Ramji”. Hawakuwa wanawe. Walikuwa watumwa wa Ramji, karani wa Kihindi wa forodha ya Unguja, na mkubwa wao aliitwa Mwinyi Kidogo.

Sasa angalia jinsi malipo yalivyopangwa. Ujira wa wana wa Ramji ulikuwa wa miezi sita, ukalipwa mapema, ukaingia mkononi mwa Ramji. Safari nzima, toka Juni 1857 mpaka waliporudi Unguja Machi 1859, ilichukua karibu miezi ishirini na moja. Burton aliumwa vibaya, miguu ikakataa, akawa anabebwa kwa machela. Speke naye macho yakamsumbua mpaka karibu asione. Walifika Ujiji Februari 1858, na Agosti mwaka huo Speke akaliona ziwa Nyanza, ambalo aliliita Victoria.

Mei 1859 wote wawili walikuwa London. Burton akapewa nishani ya dhahabu ya kile chama. Ripoti yake ya kisayansi ikajaza toleo zima la jarida lao, na 1860 kikatoka kitabu cha juzuu mbili, The Lake Regions of Central Africa. Muda wote huo jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya jeshi la Bombay. Aliondolewa mwaka 1861.

Huku nyuma, Unguja, watu walikuwa wanadai. Balozi Hamerton, aliyesaidia kupanga safari, alifariki Julai 1857, wiki chache tu baada ya msafara kuondoka. Said bin Salim na wenzake walisema Hamerton aliwaahidi zawadi nzuri kwa niaba ya serikali wakimaliza kazi. Burton alikataa kuwapa. Hoja yake ilikuwa kwamba ahadi ilitegemea mwenendo mzuri, na kwamba wengine walikuwa wavivu, wengine wezi, na wengine walimwacha njiani.

Balozi mpya, Christopher Rigby, hakumwelewa. Mwaka 1859 aliandika Bombay kulalamika kwamba watu waliotumikia serikali hawakutendewa haki na kwamba jina la Waingereza linachafuka. Speke, ambaye tayari alikuwa amekosana na Burton, akawa upande wa Rigby. Wakubwa wakamwandikia Burton barua ya kumkaripia. Naye akajibu, halafu akazichapisha barua hizo mwishoni mwa kitabu chake mwenyewe.

Inawezekana Burton alikuwa na hoja kuhusu baadhi yao. Watu wa msafara hawakuwa malaika. Lakini linganisha mikataba. Wake ulihesabu muda: awe mzima au mgonjwa, aone ziwa au asilione, mshahara unaingia. Wa akina Said bin Salim ulitegemea neno la mdomo la mtu aliyekwisha kufa. Na mkataba wa Mwinyi Kidogo haukuwa hata wake. Tunamjua kwa sababu mtu aliyemlalamikia ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuandika.

Mmoja wa msafara ule alikumbukwa. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa India, baadaye alisafiri na Speke tena, na Stanley, na Cameron. Mwaka 1876 chama cha London kilimpa nishani ya fedha na pensheni. Ilikuwa imepita karibu miaka ishirini tangu Burton amchukue.

Utaratibu huo uliendelea baada ya ukoloni kuingia rasmi. A. C. Hollis, afisa wa serikali huku kwetu, alichapisha The Masai mwaka 1905, akisaidiwa na Mmaasai Justin Lemenye. Maisha ya Lemenye, kwa maneno yake mwenyewe na kwa Kiswahili, yalikuja kuchapishwa 1953. Hapa Tana, makala ya kitaalamu kuhusu Wapokomo ilitolewa 1913 na Alice Werner, msomi wa Kiingereza aliyefika bondeni.

Simchukii Burton kwa sababu ya likizo yake. Naionea wivu. Mimi nalipwa kwa makala, na siku nisiyoandika sili. Mtu akiuliza kwa nini historia ya Tana imeandikwa zaidi na wageni, ataambiwa vijana wa hapa hawapendi kusoma. Ni uongo. Kijana anayemwongoza mtafiti msituni, anayewatambua mangabei hata kwa mbali, mara nyingi analipwa kwa siku. Mvua ikifunga njia, halipwi. Mradi ukiisha, na yeye ameisha. Mtafiti anarudi chuoni, na kule kuna miezi aliyotengewa ya kuandika.

Kaunti, vyuo na mashirika yanayokuja Tana yanaweza kubadilisha hilo bila sheria mpya. Kwenye bajeti ya utafiti, mahali palipo na mstari wa mafuta ya gari, waweke na mstari wa miezi mitatu ya kijana wa Wenje kukaa mezani, analipwa, anaandika alichokiona. Kwa Kipokomo, kwa Kiswahili, atakavyo. Na jina lake liwe juu, pale wanapokaa waandishi.