Kwa Nini Kambi Huwekwa Mbali na Mpaka?

Swali moja hutufikia mara kwa mara: kwa nini tuliondolewa mpakani, mahali ambapo angalau tulikuwa tunaona milima ya kwetu, tukaletwa huku mbali? Hata mimi, siku nilipopandishwa kwenye lori kutoka mpakani, nilidhani tunaadhibiwa. Jibu la leo linatoka Busia na Tororo.

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya, mwingine Uganda. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na kuvuka ni jambo la kila siku. Lakini mpaka huo una kumbukumbu mbaya. Desemba 1987 askari wa nchi hizo walirushiana risasi papo hapo Busia. Kila serikali iliishuku nyingine kwamba inahifadhi waasi. Mpaka ulifungwa, hadi Rais Moi na Rais Museveni walipokutana Malaba mwishoni mwa mwezi huo.

Miaka 20 ikapita. Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yalipotangazwa, fujo zikalipuka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Wakenya takriban 12,000 walikimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba. Fikiria jambo hilo: nchi iliyokuwa na kambi za Dadaab na Kakuma tangu mwanzo wa miaka ya 1990, sasa raia wake wenyewe wanapanga foleni ya kuandikishwa.

Uganda nayo ilikuwa imebanwa. Mafuta yake hutoka Mombasa, na reli ilikuwa imeng'olewa Kibera. Petroli iliadimika. Hata hivyo, waliokimbia walipokelewa. Walilala kwanza katika shule na makanisa karibu na mpaka, kisha serikali, UNHCR na Msalaba Mwekundu wakawahamishia Mulanda, wilaya ya Tororo.

Kwa nini hawakuachwa palepale Busia? Tarehe 10 Septemba 1969, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikubaliana kuhusu mkataba wa wakimbizi mjini Addis Ababa. Kifungu chake cha pili kinasema mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na utu, na nchi aliyotoka isilichukulie kuwa uadui. La pili, kwa ajili ya usalama, wakimbizi wawekwe umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi yao.

Mambo hayo mawili yanategemeana. Kambi ikiwa mpakani, mwenye silaha anaweza kuvuka usiku, akamfuata aliyemfukuza au akachukua vijana. Serikali ya upande wa pili nayo itaanza kusema kambi ile ni maficho ya waasi. Kumbuka 1987: shaka ya namna hiyo ilitosha kuleta risasi. Kwa hiyo umbali unamlinda mkimbizi, na unawalinda majirani wasigombane kwa sababu yake.

Lakini tusidanganyane, umbali una gharama. Ukiwa Tororo, habari za nyumbani zinakuja na abiria wa jioni. Baadaye mwaka 2008 wale ambao hawakurudi walipelekwa Kiryandongo, ng'ambo ya Kampala, kwenye barabara ya Gulu, katika makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya Wasudani. Huko jirani alikuwa wa lugha nyingine, na shamba la nyumbani lilibaki la kuwaziwa tu.

Tarehe 28 Februari 2008, Kibaki na Raila walitia saini makubaliano, wakisuluhishwa na Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel. Wengi walirudi. Wengine waliogopa, wakabaki, na mkataba uleule wa 1969 uliwapa haki hiyo: kurudi nyumbani ni kwa hiari.

Na Busia? Februari 2018 marais wa nchi hizo walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani. Maofisa wa Kenya na Uganda sasa wanafanya kazi chini ya paa moja, katika mji uleule wa risasi za 1987.

Jioni ya leo zungumzeni na wazee: je, mlipoondolewa mpakani, kuna aliyewaeleza sababu? Kama hakuna, sasa mnayo ya kuwaeleza watoto.