Njia za maji (Newala)

Njia za maji ni njia za miguu zinazoteremka kutoka ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, Newala, hadi chemchemi za bondeni. Udongo wa juu ni wa kichanga: mvua huzama, maji yakaibukia chini ya magenge. Kabla ya mradi wa pampu wa miaka ya 1950, safari ya kwenda na kurudi iliweza kummalizia mwanamke siku nzima, akipanda mteremko mkali na mtungi kichwani. Wageni husifu mandhari ya Shimo la Mungu, linalotazama bonde la Ruvuma. Jasho la kina mama hao linastahili sifa zaidi.